Samaki Aliyebaki

Niliolewa katikati ya miaka ya hamsini. Nilitolewa Namawala, kwenye mashamba ya mpunga ya baba yangu, nikaletwa Ifakara katika nyumba ya mwenye duka aliyefiwa na mkewe miezi minane kabla. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu alikuwa na zaidi ya thelathini, mtu wa asili ya Kilwa, mpole, muuza nguo, chumvi na mafuta ya taa. Baba yangu alikuwa mmoja wa Waislamu wachache kijijini kwetu, na hilo liliwafanya wazee wa pande zote mbili waelewane haraka.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho katika nyumba ile ni harufu. Nilizijua harufu za maji. Nilijua tope la mto linavyonuka kiangazi, nilijua kambale wakikaushwa juu ya moshi. Hii sikuijua. Ilikuwa kali na safi kwa wakati mmoja, na ilitoka chumba cha kati, kati ya duka na ua. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu aliyekuwa mjane na kuishi pale, alinionyesha nyumba siku ile. Tulipofika mlango wa chumba cha kati alisimama akatazama sakafu.

"Humo mna vitu vya marehemu," alisema. "Mimi sivigusi. Nikitaka kwenda ua wa nyuma nazunguka nje."

Niliingia peke yangu. Dirishani, juu ya benchi la mawe, palikuwa na sanduku la vioo lenye fremu ya chuma iliyopakwa rangi, si kubwa, lingeweza kubebwa na watu wawili likiwa tupu. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe, mawe mawili, na juu ya jiwe moja kitu nilichodhani ni ua lililoota majini. Lilikuwa na vidole vingi vya rangi ya chai ya maziwa, vyote vikienda huku na huku ingawa hapakuwa na upepo. Nilipokuwa bado nashangaa, likajikunja. Likafumba vidole vyake polepole, kama mkono unaoficha kitu, likawa tonge tu. Kisha wakatoka samaki wawili nyuma yake, mkubwa na mdogo, ubavu wa rangi ya chungwa lililoiva, mgongo mweusi, mikanda miwili myeupe mwilini. Yule mkubwa alikuja mbio hadi kwenye kioo mbele ya uso wangu, akasimama pale akinitazama.

Mume wangu alinieleza usiku wa kwanza, kwa maneno machache. Mkewe alikuwa mtoto wa baharini, na alipoletwa bara alidhoofika. Hakulalamika, ila alikuwa akiamka asubuhi na kukaa kitandani akisikiliza. Ndipo mume wangu alipomtengenezeshea kile kioo kwa fundi wa Kihindi aliyekuwa Dar es Salaam, na dereva wa lori akawa anawaletea maji ya bahari katika mitungi mikubwa ya kioo iliyosukiwa ukindu. Ua na samaki walitoka Kilwa, mama wa marehemu aliwapeleka mwenyewe bandarini.

"Si ua," alinisahihisha. "Ni mnyama. Linakula."

"Alikufa na nini?" niliuliza.

"Homa. Siku nne. Alitaka tumtandikie mle chumbani, alale akiwaangalia." Akapunguza utambi wa taa. "Utaweza kuwatunza? Dada yangu hataki. Mimi nasafiri."

Nilisema nitaweza. Sikujua nimekubali nini.

Maagizo yalikuwa ukutani, kwenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya unga. Marehemu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wengi wa kwao. Mimi nilisoma Kurani chuoni kwa mwalimu wetu wa kijijini, basi nilizijua herufi, lakini sikuwa na kasi. Ilinibidi nizisome kwa sauti, herufi baada ya herufi, mpaka neno litoke. Usitie mkono wenye mafuta. Shaba isiguse maji kabisa. Maji yakipungua ni maji yaliyoondoka, chumvi imebaki, basi ongeza maji ya mvua mpaka kwenye mstari, usizidishe. Mstari wenyewe aliuchora kwenye kioo kwa rangi ya mlango. Wifi yangu alinisikia siku moja akiwa dukani, akaja mpaka kizingitini.

"Usisome kwa sauti," alisema.

"Nisiposema silielewi neno, wifi."

"Basi soma nikiwa nimetoka. Unasema kama yeye. Hata pale anapokata maneno, unakata hapohapo."

Nilikuwa nakata pale kwa sababu ndipo mistari yake ilipoisha. Lakini tangu siku ile nilipokuwa nasoma nilisikia sauti ambayo si yangu, sauti ya mwanamke mwenye subira anayemfundisha mjinga.

Kazi nyingine nilifundishwa na mume wangu. Chini ya benchi kulikuwa na mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nami niliujaza upepo kwa pampu ya mguu asubuhi na jioni. Kutoka kwenye mpira ule bomba jembamba lilipanda mpaka ndani ya maji, likabanwa kwa kibanio ili upepo utoke kidogo kidogo, likawa linatoa mapovu mchana na usiku. Pampu nikiisahau, mapovu hupungua, na samaki hupanda juu wakihema. Kulikuwa pia na kichupa cha dawa kilichotiwa mchanga kidogo na kuzibwa kwa nta. Ukikitumbukiza, kinapaswa kuning'inia katikati ya maji. Kikizama, chumvi imepungua. Kikielea juu, imezidi. Niliwakatia vipande vya perege vidogo kama punje ya mchele. Samaki walichukua kipande kimoja wakala, kingine wakakibeba mdomoni wakakipeleka katikati ya vidole vya lile ua. Vidole vile vilimwua dagaa wa mtoni niliyemtia siku moja kwa kujaribu, alikakamaa palepale. Wale wawili walilala humo kama mtoto katika nguo za mama yake.

Mdogo alikuwa na haya. Mkubwa hakunipenda. Kila nilipotia mkono alinijia na kunigonga, kwa nguvu ambayo usingeitarajia kwa kitu cha urefu wa kidole. Mume wangu akitia mkono, samaki yule hakumgusa. Mume wangu aliporudi kutoka dukani jioni alikuwa akipita mle chumbani kwanza, kabla ya kuja jikoni niliko, akainama mbele ya kioo na kusema, "Umeshindaje?" Alimsemesha yule mkubwa. Niliyasikia hayo kila siku kupitia dirisha la jikoni. Mara mbili au tatu, akinitaka chai, aliniita kwa jina la marehemu. Nilikwenda na chai.

Masika ya kwanza yalimkuta mume wangu Dar es Salaam. Alikwenda kufuata mali, akawa ameambiwa kaka yake anaumwa huko, akangoja, na alipotaka kurudi barabara ilikuwa imekatika. Miaka ile masika yakishika, Ifakara ilikuwa kisiwa. Tope lilimeza lori mpaka mlango, na mito ya njiani haikuvukika. Barua ilifika moja tu. Wifi alishika duka, mimi nikashika nyumba na kile kioo.

Wiki ya pili mvua ilikuwa nzuri kwa kuongeza maji. Nilikinga kwenye bakuli la udongo, nikatoa ubao unaofunika kioo, nikawa naongeza kidogo kidogo kuelekea mstari. Wifi akaniita kwa nguvu kutoka dukani, paa limeanza kuvuja juu ya mabunda ya nguo za kaniki. Nilikimbia. Tulihamisha mabunda mpaka jua likazama, tukala, nikajilaza nimechoka. Ubao niliuacha umeegemea ukuta.

Asubuhi nilimkuta mkubwa sakafuni. Alikuwa amekauka na kujikunja kidogo, rangi yake ya chungwa imegeuka kahawia. Sisimizi walikuwa wameshampata. Nilimwokota nikamwosha kwa maji yake mwenyewe, kana kwamba nikimwosha vizuri atarudi. Kisha nikaketi pale chini, mahali walipomtandikia yule mwanamke godoro lake la mwisho, nikalia kwa namna ambayo sikulia nilipoagana na mama yangu.

Nilichana kipande cha bafta, nguo nyeupe ya dukani, nikamfunga, nikamzika nyuma ya jiko chini ya mpapai. Wifi hakujua. Hakuwahi kuangalia mle ndani, na sikutaka aanze kwa habari ile. Nilipanga maneno ya kumwambia mume wangu. Kila siku nilipopiga pampu niliyapanga upya.

Yule mdogo alijificha siku tatu. Hakula. Siku ya nne alitoka, akala, akabaki nje. Siku zilizofuata alianza kukaa mahali alipokaa mwenzake, mbele, upande wa kulia wa jiwe, mahali ambapo zamani hakuthubutu kufika. Haya yake iliisha. Alikula vipande vyote vikubwa. Akaanza kunenepa. Nilidhani ni macho yangu, nikampima kwa kijiti nje ya kioo, na kijiti kikawa kifupi kadiri wiki zilivyokwenda. Wiki ya sita nilitia mkono kusafisha mchanga. Alinijia mbio akanigonga kidole, palepale alipozoea kunigonga yule mwingine.

Nilitoa mkono. Nilisema kwa sauti, "Samahani," na sikujua ninamwambia nani.

Nadhani ni tangu siku ile nilipoanza kuiogopa nyumba. Sikuona kitu, wala sikusikia hatua za mtu. Ni kwamba nilikuwa nimeanza kujua vitu. Nilijua sahani ipi ya marehemu bila kuambiwa. Nilikuwa nikiamka na kukaa kitandani nikisikiliza, kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa akifanya hivyo. Mimi, ambaye sijawahi kuiona bahari, niliiota. Wakati ule nilikuwa na mimba changa na sikujua bado, na huenda hiyo ndiyo sababu ya mengine. Wifi aliniambia nichukue kanga za marehemu kwa kuwa zangu hazikukauka kwa mvua, nami nikazivaa, kwa kuwa ningevaa nini.

Mume wangu alirudi baada ya wiki kumi na moja, adhuhuri, amekonda, tope mpaka magotini. Sikumsikia. Nilikuwa nimeinama kwenye kioo nimempa mgongo mlango, kanga ya marehemu kichwani. Alitaja jina la marehemu. Hakuniita mimi kwa kukosea kama siku za chai. Alilisema polepole, kama mtu anayeogopa kukiamsha kitu.

Niligeuka. Nikaona uso wake ukibadilika, ukijaribu kunifurahia.

"Karibu," nilisema. "Pole na safari."

"Nimeshapoa." Akasogea akainama mbele ya kioo. Nikashika benchi. Samaki akaja mbele, akasimama mbele ya uso wake.

"Yule mdogo yuko wapi?" aliuliza.

Maneno yangu yote ya wiki tisa yalikuwa ya swali lingine.

"Mmoja alikufa," nilisema. "Aliruka. Niliacha ubao wazi."

Aliweka kiganja kwenye kioo. "Haidhuru," alisema. "Mungu amemtaka. Afadhali amebaki huyu." Na akamwambia samaki, kwa sauti ile ya jioni zote, "Umeshindaje?"

Nilikwenda jikoni kuinjika maji ya kuoga. Sikuwa nimesema uongo hata neno moja, na kila siku baada ya hapo nilihisi ninadanganya tangu ninapofungua macho. Alikuwa mchangamfu. Alinisifu mbele ya dada yake kwa kuwatunza vizuri, akisema mkubwa amependeza kuliko zamani. Nilitamani anikaripie.

Kiangazi kilipokuwa kimekolea alikuja mama wa marehemu. Alipanda meli kutoka Kilwa, kisha treni hadi Kilosa, kisha lori. Alikuja kuliona kaburi la mwanawe, kwa kuwa hakuyawahi mazishi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buibui lililopauka kwa vumbi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama tumbo, ambalo sasa lilionekana, akatabasamu kidogo. "Mungu akujalie salama."

Kesho yake, baada ya kutoka makaburini, aliomba kukaa chumba cha kati. Mume wangu alikuwa dukani. Nilimletea uji, nikamkuta ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, macho yakiwa usawa wa maji ya kioo. Alitazama muda mrefu sana. Mapovu yalikuwa yakitoka.

"Huyu siye," alisema bila kugeuka.

Niliweka bakuli chini.

"Mkubwa mkanda wake wa mbele haukukutana kichwani. Ulikuwa na pengo. Nilimchagua mimi kwa pengo lile, nikamwambia mwanangu, huyu atakuwa rahisi kumjua." Akagusa kioo. "Wa huyu umefunga. Huyu ni yule mdogo."

"Ndiyo, mama."

"Alikufa lini?"

Nilimwambia yote. Mvua, mabunda ya kaniki, ubao, sisimizi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu, na nilisema harakaharaka kama mtoto. Yeye alisikiliza tu.

"Ukamtupa?"

"Nilimzika."

"Nionyeshe."

Nilimpeleka nyuma ya jiko. Hakukuwa na kitu cha kuona, udongo tu na majani ya mpapai. Alisimama pale na viganja vimefunguka mbele, midomo ikienda. Sikujua kama inafaa kumwombea dua samaki, nikajua haombei samaki. Alipomaliza alijipangusa uso.

"Huko kwetu wavuvi wanajua," alisema. "Mkubwa akiondoka, mdogo anakua anakuwa yeye. Si uchawi. Ndivyo walivyoumbwa." Akanitazama kanga niliyovaa, ambayo bila shaka aliinunua yeye. "Lakini wewe hukuumbwa hivyo. Mume wako anakuitaje?"

"Jina langu," nilisema. Kisha nikasema, "Siku nyingine la marehemu."

"Nawe unaitika?"

Niliinama nikaokota jani la mpapai. Hakurudia swali. Aliondoka siku ya tatu, na hakumwambia mkwewe lolote. Nadhani aliona ni langu kusema.

Nilisema Ijumaa ile, aliporudi kutoka msikitini, kabla hajala. Nilimwomba aingie chumba cha kati. Nilimwonyesha mkanda uliofunga. Alitazama kwa muda, akatazama tena kwa karibu.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili ya masika."

"Kwa hiyo nimerudi nikamkuta huyu."

"Ndiyo."

"Na kila jioni ninamsemesha huyu."

"Ndiyo. Nisamehe."

Hakukasirika. Ningependa kusema tulilia, au alinikumbatia. Aliketi kwenye kiti akavua kofia, akaishika magotini, akaonekana mzee kama baba yangu. "Nilimtazama kila siku miaka minne," alisema. "Lile pengo sikuliona hata mara moja." Kisha akatoka akarudi dukani bila kula.

Baada ya hapo hakuinama tena mbele ya kioo. Alijaza upepo nisipoweza, kwa kuwa tumbo lilinizidi, lakini alifanya hivyo akitazama dirishani. Samaki alikuwa akija mbele jioni, saa ileile, akasimama akingoja. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko yote. Mwishowe nikawa namwambia mimi, "Umeshindaje?"

Vuli ile mvua ziliwahi, na mitungi ya maji ya bahari haikufika. Maji ya kioo yalizeeka. Lile ua liliachia jiwe lake, likabingirika kwenye mchanga, likaanza kuyeyuka kwa pembeni, na maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Tulilitoa kwa kata ya mti. Samaki alilala mahali lilipokuwa, ubavu chini, akiusugua mchanga kama alivyokuwa akiusugua mwili wa ua, siku mbili, kisha akafa. Mume wangu alimzika mwenyewe. Sikumwonyesha mahali, lakini alikwenda chini ya mpapai.

Mtoto alizaliwa kabla mvua hazijakatika, msichana. Siku ya sita mume wangu alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda na kusema, kwa upole wake wote, angependa tumpe jina la marehemu. Wifi alikuwepo. Alisema ni heshima, na mtoto atapata baraka.

"Hapana," nilisema.

Sikuwahi kumkatalia kitu kabla ya hapo, na baada ya hapo sikumbuki kama nilimkatalia tena jambo kubwa. Alinitazama kama mtu aliyeguswa begani barabarani. Kisha akamtazama mtoto.

"Basi taja wewe," alisema.

Nilimpa jina la mama yangu wa Namawala, aliyekuwa hai, aliyekuwa shambani wakati ule akifukuza ndege.

Kile kioo tulimpa fundi akakipasua apate vipande vya madirisha. Lakini miaka minne ya maji yale ilikuwa imeingia ukutani nyuma ya benchi. Kiangazi ukuta ulikuwa mweupe na mkavu, unatoa unga. Kila masika yaliponyesha, palepale, kwa umbo la lile sanduku, ukuta ulitoa jasho. Mume wangu alipiga lipu mara mbili, na mara mbili ulirudi. Wifi aliendelea kuzunguka nje mpaka alipofariki. Siku moja nilimkuta binti yangu, ana miaka mitatu, amesimama juu ya benchi ameweka ulimi ukutani.

"Kuna chumvi, mama," alisema.

Nilimshusha nikamfuta mdomo. Jioni ile, mume wangu alipofunga duka, alinikuta bado nimeketi mle ndani, akaniita kwa jina langu, akaniuliza kama kuna chai.